Harara iliyochora ramani ya gauni: kisa cha nguo moja ya mtoto wakati wa kaskazi

Mdogo wangu alinigongea mlango kabla ya saa moja asubuhi, Jumamosi ya pili ya Januari, mtoto kambeba mgongoni. Hata kiti hakukitaka.

"Shikamoo dada. Hebu mwangalie huyu. Tangu juzi hatujalala."

Mtoto wa kike, miaka 3 na miezi 2. Aliteremshwa akaanza kujikuna papo hapo kabla hajanisalimia, na huyu ni mtoto ambaye salamu ya mama mkubwa haimpiti. Tukamvua fulana. Kiunoni alikuwa amezungukwa na vipele vidogo vidogo vilivyosimama kama punje za ulezi. Chini ya makwapa, hivyo hivyo. Nyuma ya shingo, hivyo hivyo.

Zahanati walikuwa wameshakwenda. Waliambiwa ni harara: mtoto aogeshwe maji yasiyo ya moto, aache kupakwa mafuta mazito na poda, avalishwe nguo nyepesi. Hilo la mwisho ndilo lililomleta kwangu. Cherehani yangu ya miguu inakaa barazani hapa Mbagala, nashona sare, mashuka, magauni ya watu wazima na kupunguza suruali. Nguo za watoto wadogo nilikuwa nazikwepa, maana kazi yake ni kubwa na watu hawataki kulipa. Hii nisingeweza kuikwepa.

"Nguo nyepesi anazo?" nikamuuliza.

"Anazo, ila anataka gauni lake lile tu."

Gauni lile

Lilikuwa gauni la dukani la sikukuu, la rangi ya waridi, kifua cha satini, sketi ya neti, zipu mgongoni. Mtoto alilivaa siku ya sikukuu, akalivaa kesho yake, na tangu hapo kila akirudi chekechea analidai. Analala nalo mchana. Mama yake hulifua usiku na kulianika juu ya feni ili asubuhi liwe tayari. Nikamuuliza mtoto anapenda nini kwenye gauni hilo. Hakujibu kwa mdomo. Alisimama katikati ya sebule akazunguka mara mbili, kisha akaniuliza, "Umeona linavyoruka?"

Nalitaja hili mapema kwa sababu ndilo lililoamua mshono. Ningeweza kukata kigauni chenye matundu mawili ya mikono na tundu la kichwa nikakimaliza kwa saa moja. Asingekivaa. Nguo ya mtoto wa umri huu ina wateja wawili, ngozi yake na yeye mwenyewe, na huyo wa pili ana kelele zaidi.

Nikachukua karatasi ya nyuma ya kalenda ya mwaka uliopita nikachora umbo la mtoto, mbele na nyuma, nikaweka nukta kila palipokuwa na vipele. Mdogo wangu alidhani nafanya mzaha. Lakini mchoro ulipoisha alinyamaza. Kiunoni palikuwa na mkanda wenye upana wa vidole viwili, umenyooka kama uliopigwa rula. Makwapani palikuwa na nusu duara mbili. Kutoka shingoni kwenda chini ya mgongo palikuwa na mstari mwembamba. Tumboni chini ya kitovu hapakuwa na kitu, mapajani hapakuwa na kitu, mikononi hapakuwa na kitu.

Nikatandaza gauni pembeni ya mchoro. Mkanda ule ulikuwa lastiki. Mstari ule ulikuwa zipu. Nusu duara zile zilikuwa mashimo ya mikono.

Harara hutokea pale vijitundu vya jasho vinapoziba na jasho likabaki chini ya ngozi. Dar es Salaam mwezi Januari joto la mchana hupanda hadi nyuzi 31 au 32, na hewa imejaa unyevu kiasi kwamba jasho halikauki, linatiririka tu. Watoto wengi hupata vipele kwenye mikunjo ya shingo na mapaja, na hapo mama hulaumu jua. Vipele vya huyu vilikuwa na mipaka, na mipaka ile ilikuwa ya fundi.

Nikaligeuza gauni ndani nje, nikafumua kipande kidogo cha kiuno kwa wembe ili nihesabu. Satini ya juu na bitana yake, mbili. Ncha zao zilizokunjwa kupanda juu kwenye mshono, mbili nyingine. Satini ya sketi, bitana ya sketi na neti mbili, zote zimevutwa marinda zikabanwa mle mle, nne. Lastiki, moja. Tabaka 9 kiunoni mwa mtoto ambaye hafiki kilo 15. Tumboni chini ya hapo, mahali ambapo hakukuwa na kipele hata kimoja, gauni lilikuwa na tabaka zake 4 lakini limejitenga na mwili na hewa inapita chini.

Nikachomoa uzi mmoja wa satini na mmoja wa bitana, nikaushika kila mmoja kwa koleo juu ya sahani ya bati na kuuwasha kwa kiberiti, mtoto akiwa nje na bibi yake. Zote mbili hazikuungua, ziliyeyuka. Zilijikunja, zikatoa moshi mweusi, zikaacha kitone kigumu kama kichwa cha pini. Hiyo ni poliesta. Pamba huungua kama karatasi, hunuka karatasi, na jivu lake ukiligusa linapukutika. Poliesta hainywi jasho. Ikilowa jasho inalibandika mwilini.

Kitambaa

Safari ya Kariakoo nitaifupisha. Mtaa wa Uhuru una vitenge vya kila namna, na karibu kila muuzaji atakuambia "pamba tupu". Duka la tatu niliomba nyuzi mbili za pindoni nikatoka nazo mlangoni. Kijana wa duka alicheka: "Mama, unataka kunichomea duka?" Ziliyeyuka. Duka la nne ziliungua vizuri, nikafurahi, kisha nikakishika kitambaa vizuri nikakuta kinateleza mkononi kama maji. Kilikuwa rayoni, ambayo nayo huungua kama karatasi. Rayoni si mbaya kwa joto, ila ikilowa inalegea, na nguo ya mtoto wa chekechea hufuliwa kila siku na kusuguliwa kwa mikono. Kwa hiyo kiberiti kinakuambia nusu tu ya habari, nusu nyingine iko kwenye vidole.

Mwisho nilinunua kanga, na nikajiona mjinga, kwa sababu watoto wa pwani hii wanapokelewa kwenye kanga tangu siku ya kuzaliwa. Kanga ya pamba ni nyembamba, ina nafasi kati ya nyuzi, ukiiinua kuelekea dirishani unaona mwanga. Siku hizi zipo hata kanga za mchanganyiko, kwa hiyo nayo niliichoma uzi. Doti moja, maana yake vipande viwili vinavyofanana. Nilichagua ya bluu iliyoiva na nyeupe, mji, yaani sehemu ya katikati, wenye maua makubwa, pindo pana. Jina lake lilikuwa AKUFAAYE KWA DHIKI NDIYE RAFIKI. Nililisoma, nikalipenda, na sikulifikiria tena. Nitalirudia.

Nilipofika nyumbani nililoweka kipande kimoja usiku kucha. Kanga mpya ina wanga mwingi, ndiyo maana dukani inasimama kama karatasi, na wanga huo kwa ngozi yenye vipele ni kero peke yake. Maji yalitoka bluu. Nikafua mara tatu mpaka yakatoka meupe, nikaanika kivulini, nikapiga pasi, nikapima. Kabla ya kufua upande mrefu ulikuwa sentimita 152, baada ya kufua 147. Upande mfupi ulitoka 108 ukaja 105. Sentimita 5 kwa mtu mzima ni kitu kidogo. Kwa gauni la mtoto lenye urefu wa sentimita 52, anayekata kwanza na kufua baadaye atajikuta ameshona blauzi.

Vipimo

Kifua sentimita 54. Kutoka begani hadi chini kidogo ya goti 52. Kutoka begani hadi kwapani 13. Shingo kwa chini, pale inapokutana na mabega, 27. Nikaandika vyote kwenye ile karatasi ya kalenda na nikaona nimemaliza. Msomaji anayeshona watoto ameshaona kilichokosekana. Mimi sikukiona.

Umbo nililolichagua ni hili. Kipande cha juu cha kifuani, kifupi, kinachoishia chini kidogo ya kwapa, kisicho na bitana. Kutoka hapo sketi inaanguka moja kwa moja hadi chini bila kupita kiunoni. Hakuna lastiki, hakuna mkanda, hakuna zipu. Kifua nilikipa nafasi ya sentimita 14 zaidi ya mwili, yaani mzunguko wa 68. Fundi aliyezoea nguo za watu wazima anaogopa nafasi kama hiyo, anaona nguo itapwaya. Ipwaye. Mtoto anakimbia, na kila akiruka gauni linapiga upepo ndani yake lenyewe.

Mikono nayo nilijadiliana na mama yake. Yeye alitaka nguo ya kamba mabegani, nusu mgongo wazi. Nilimkatalia kwa mambo mawili. Jua la saa nane ni kali hata kwa ngozi yetu, na kamba za kufunga karibu na shingo ya mtoto mdogo sizipendi kabisa, anaweza kunasa kwenye bembea au kwenye komeo la mlango. Tukakubaliana bega lifunikwe, kwapa liwe wazi. Shimo la mkono nililishusha sentimita 2 chini ya kwapa ili ukingo wake usiguse pale penye nusu duara za vipele.

Kukata, na lile jina

Hapa ndipo kanga inapomsaidia fundi na kumtega kwa wakati mmoja.

Inamsaidia kwa sababu pande zake mbili ndefu ndizo kingo za kitambaa kilivyotoka kiwandani, hazifumuki. Nikichukua sketi kutoka ukingo wa chini, sihitaji kukunja pindo. Lile pindo la kuchorwa linakuwa urembo wa chini wa gauni, tayari, bila tabaka la ziada wala mshono wa kumkuna magotini. Nilikata ukanda kutoka ukingo wa chini, urefu wote wa 147. Hiyo ndiyo sketi, mbele na nyuma. Sentimita 147 zikivutwa marinda ziingie kwenye 68 ni zaidi ya mara mbili. Litaruka.

Inamtega kwa sababu jina liko hapo hapo, juu kidogo ya pindo la chini, katikati. Ningekata ukanda wangu katikati kabisa, mkasi ungepita ndani ya neno DHIKI. Mbele ingesomeka KI NDIYE RAFIKI, na hiyo niliiona haina maana. Kwa hiyo nikafanya ujanja: nikasogeza mkasi upande hadi nafasi iliyo baada ya KWA, nisivunje neno. Nyuma ikapata sentimita 65, mbele 82. Mbele ikiwa na marinda mengi zaidi ndiyo vizuri, nikajisifu.

Nikaendelea. Kipande cha juu nilikitoa kwenye mji, na mabaki marefu nikayakata hanamu, yaani mshazari, vipande vyembamba vya upana wa sentimita 3, kwa ajili ya kuzungushia shingo na mikono. Hanamu ni lazima. Kitambaa kilichokatwa kufuata uzi hakipindi kwenye duara, kitakunjamana, na kila mkunjo karibu na kwapa ni tabaka lingine.

Sindano nilibadilisha nikaweka namba 11, maana namba 14 iliyokuwamo ingetoboa matundu yanayoonekana kwenye kanga. Mishono ya ubavuni sikuipeleka kwenye ovaloki, ile mashine ya kufunga kingo zisifumuke. Ovaloki ni haraka, lakini ule uzi wake mwingi wa ukingoni ndio unaomfanya mtoto ajikune akiwa hana hata kipele. Niliilaza kama mishono ya suruali za jinzi: unashona kawaida, unapunguza ukingo mmoja, unaufunika na mwenzake, unapiga mstari wa pili juu yake. Ndani na nje panakuwa laini sawasawa. Ni kazi ya dakika 20 zaidi. Marinda niliyavuta kwa mistari miwili ya nyuzi zilizolegea, nikayagawa kwa pini, nikayashikiza kwa bandi kabla ya kupiga cherehani.

Jumapili jioni lilikuwa limetundikwa kwenye msumari. Mama yangu, bibi wa mtoto, alivaa miwani yake akalisogelea. Akasoma. Akasoma tena kwa sauti.

"Dhiki ndiye rafiki. We mwanangu, umemwandikia mtoto nini tumboni?"

Nikaenda nyuma ya gauni. AKUFAAYE KWA. Nikarudi mbele. Nilikuwa nimelinda neno moja lisikatike, na maana yote ikapinduka. Mama alikaa kwenye mkeka akacheka mpaka akakohoa. Alisema enzi zao mtu angetafuta nani kamtuma, kwa sababu kanga haivaliwi hivi hivi, na mtu akikupitia mlangoni na jina kama hilo unajua umeambiwa kitu.

Kufumua na kukata upya ilikuwa inawezekana, kipande cha pili cha doti kilikuwepo. Lakini nilikuwa nimekiahidi kwa mama wa mtoto. Nikapima: DHIKI NDIYE ilichukua sentimita 27. Nikakata mfuko mmoja mpana kutoka kwenye mji, nikaubandika juu ya maneno yale mawili, nikapitisha mshono katikati ukawa vyumba viwili. Likabaki RAFIKI peke yake, karibu na katikati. Mfuko ni tabaka la ziada, ndiyo, ila uko kwenye sketi inayoning'inia mbali na mwili, mahali ambapo ile ramani yangu haikuwa na nukta. Nyuma nikaacha AKUFAAYE KWA kama yalivyo. Atakayesoma nyuma atazunguka mbele kutafuta mwisho.

Kichwa

Jumatatu alikuja kujaribisha. Alipoliona akasema halina neti. Nikamwambia lina mifuko. Akaingiza mkono mmoja, kisha wa pili, akakubali livalishwe.

Likakwama. Shingo ya gauni nilikuwa nimeizungushia duara la sentimita 38, pana na lililolegea kwa shingo ya sentimita 27, na mimi nikaridhika nalo kwenye karatasi. Lakini nguo haivaliwi kupitia shingoni, inavaliwa kupitia kichwani, na kichwa cha mtoto wa miaka 3 si kidogo kama mwili wake. Nilikipima baada ya kilio, sentimita 50. Alikuwa amesukwa twende kilioni na vishikizo vya shanga mwishoni, ukijumlisha na misuko ikawa 53. Alipokuwa mle ndani, mikono juu, gauni limemfunika uso, alipiga ukelele kwamba mama mkubwa amemfunga kwenye gunia. Tulimtoa. Hakutaka kulisogelea tena siku hiyo.

Kosa hili linatokana na kuzoea. Watu wazima ninaowashonea magauni wana zipu mgongoni, kwa hiyo mkono wangu unaandika shingo bila kuuliza kichwa. Nilipoondoa zipu nilipaswa kuuliza kichwa kitapita wapi. Hesabu yenyewe ni nyepesi: nilipasua nyuma, chini ya shingo, mpasuko wa sentimita 10. Mpasuko una kingo mbili, kwa hiyo duara la 38 linafunguka hadi 58. Kichwa cha 53 kinapita na nafasi inabaki. Juu nikaweka kifungo kimoja na kitanzi. Kupanua shingo yote hadi 54 ingekuwa rahisi zaidi, ila gauni lingemteleza begani siku nzima.

Jumanne mama yake alimvalisha akiwa usingizini nusu. Alipoamka likawa mwilini.

Siku kumi za kuvaa

Tulikubaliana avae ndani ya nyumba kwanza, kwa muda wa saa mbili, tuone. Kisha chekechea. Gauni la waridi lilifuliwa likafichwa kabatini, jambo lililotugharimu kilio kimoja kirefu na biskuti mbili.

Siku ya tatu mkanda wa kiunoni ulikuwa umeanza kunywea. Siku ya tano makwapa yalikuwa safi, yamebaki madoa. Sitalipa gauni sifa zote. Wakati huo huo mtoto aliogeshwa maji ya bombani mara tatu kwa siku, poda iliachwa, kitanda kilisogezwa dirishani, na usiku alilala na chupi tu. Ningekuwa na watoto wawili wenye harara sawa, mmoja nikamwachia satini, ningejua zaidi, lakini hakuna mama wa kunikopesha mtoto kwa kazi hiyo.

Kilichonishawishi kwamba ramani ilikuwa inasema kweli ni kipele kilichobaki. Siku ya saba, mwili wote ukiwa shwari, nyuma ya shingo palikuwa na kijiduara kidogo kama shilingi, kimesimama vilevile. Nikaligeuza gauni. Pale pale palikuwa na kile kifungo. Mpasuko nilikuwa nimeukingia kwa kipande cha ndani, nikakunja, nikaweka hanamu ya shingo juu, na kifungo juu ya hanamu. Tabaka 6 kwenye eneo dogo, na huyu mtoto chekechea wanalalia mkeka chali baada ya uji. Nilikuwa nimemtolea zipu mgongoni kisha nikamrudishia kipande chake.

Nikafumua. Kipande cha ndani nikakitoa chote, kingo za mpasuko nikazikunja nyembamba kwa mkono. Kifungo kinene nikakibadilisha kwa bapa cha shati, nikakisogeza pembeni kidogo ya uti wa mgongo. Kitanzi cha kitambaa nikakibadilisha kwa kitanzi cha uzi. Siku tatu baadaye shingo ilikuwa laini.

Kuna saa ambazo gauni hili halifai, nami nilimwambia mama yake. Jua likizama mbu wanatoka, na miguu wazi ni karamu yao. Kutoka kwenye mabaki ya kanga ilipatikana suruali nyepesi ya kuvaa chini yake jioni, pana miguuni, na hapo nililazimika kuweka lastiki kiunoni, hakuna njia nyingine kwa mtoto anayejivulia mwenyewe chooni. Niliiweka laini, ya upana wa sentimita 1, nikaikata sawa na kiuno chake bila kuipunguza, inashikilia tu haikazi. Anaivaa kwa muda wa saa mbili tatu, kisha anaingia ndani ya neti ya kulalia. Haijamtokea kitu hadi naandika.

Jua kali la mchana nalo kanga nyembamba hailizuii lote. Ana kofia, ambayo mara nyingi iko mfukoni, kile chumba cha kushoto. Cha kulia kina mawe.

Uzi mmoja wa marinda ulikatika wiki ya pili, kwa sababu niliacha ile mistari miwili ya kuvutia badala ya kuichomoa, na mtoto akaikuta. Hilo ni la kawaida.

Gauni la waridi halikutupwa. Lilirudi kwangu, nikang'oa lastiki na kutoa neti moja ya ndani, na sasa linavaliwa kwa picha, nusu saa, kisha linavuliwa. Mwenyewe ameanza kulisahau, maana alipolivaa hili la kanga mara ya kwanza akiwa macho na radhi, alikwenda katikati ya sebule kama kawaida yake. Akazunguka mara moja akiangalia chini. Marinda yakafunguka, sentimita zote 147, lile pindo la bluu likanyanyuka likasimama kama sahani. Akazunguka tena.

"Linaruka," akamwambia bibi yake, kama vile bibi ndiye aliyekuwa na wasiwasi.

Kipande cha pili cha doti mdogo wangu anakifunga asubuhi anapompeleka chekechea. Huwa nakaa barazani kwenye cherehani wakipita. Mama ana methali nzima kiunoni, na kando yake, mkono kwa mkono, anapita mwenye neno la mwisho.